Mninga ulioitwa mkaidi: kisa cha kitalu cha nyumbani Tabora

Mwenye kitalu ni mwalimu mstaafu anayeishi pembezoni mwa Tabora mjini. Nyuma ya nyumba yake kuna kichanja cha nyasi, pipa la maji na safu za viriba, yaani mifuko ya plastiki ya kukuzia miche, na kila mwaka majirani hununua kwake miche ya mlusina, mjohoro na mwarobaini. Kwa miti hiyo hana wa kumfundisha. Mwaka alioamua kuotesha mninga ndipo mambo yalipomwendea kombo. Alifukia mbegu, hazikuota. Akazimwagia maji ya moto, hazikuota. Alipoonyeshwa jinsi ya kuzitoa ndani ya tunda zikaota, tena vizuri, na miche ikachangamka mpaka mvua zilipokatika. Ilipofika Julai, yote imebaki vijiti vikavu. Akabeba viriba akavimwaga nyuma ya banda la kuku, akasema mninga ni mti wa pori na utabaki huko huko porini.

Maneno hayo husemwa sana ukanda huu wa miombo, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa utulivu. Ndani yake kuna matatizo mawili yasiyohusiana, na mwalimu aliyaweka kapu moja. Kukosa kuota kulikuwa na sababu yake. Kukauka kwa miche hakukuwa tatizo hata kidogo.

Kwanza mti wenyewe. Mninga, kwa jina la kitaalamu Pterocarpus angolensis, hauhitaji utambulisho kwa mtu wa Tabora, Katavi au Lindi: milango, vitanda, makabati ya urithi. Unamea katika misitu ya miombo kuanzia Tanzania na Kongo hadi Angola na kaskazini mwa Afrika Kusini. Ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu, na hapo kila mtoto wa kijijini huujua. Lakini jiulize umeona wapi shamba la mininga iliyopandwa. Mitiki imepandwa Longuza na Mtibwa, mikaratusi imejaa kila wilaya, ila mninga karibu wote tunaoupasua mbao uliota wenyewe msituni. Tunavuna tusichopanda, huku misitu hiyo hiyo ikitakiwa itoe pia mkaa na kuni za kukaushia tumbaku. Mwalimu alitaka mininga kwenye mpaka wa shamba lake kwa ajili ya wajukuu, na ikibaki miche kadhaa ya kuuza, si vibaya.

Matunda aliyaokota mwezi Juni chini ya miti kwenye shamba la kaka yake. Tunda la mninga ni duara, bapa, upana wake unaweza kufika sentimita 10 au zaidi. Pembeni lina bawa jembamba lililokunjamana, linalosaidia upepo kulibeba. Katikati pamevimba, na uvimbe huo umefunikwa na nywele ngumu zinazochoma vidole na kukatikia ndani ya ngozi. Ukizishika bila glavu utazikumbuka usiku. Chini ya nywele hizo ndipo kuna kuta za mti mgumu, na ndani ya kuta, kila moja katika chumba chake, mbegu moja au mbili. Ni mbegu ndogo ya hudhurungi, bapa, yenye umbo la figo, urefu kama sentimita moja. Matunda mengine hayana kitu ndani.

Mwalimu alichukua matunda hayo mazima, akakata bawa tu ili yaenee kwenye kiriba, akayafukia. Akamwagilia asubuhi na jioni kwa bidii ileile anayoiweka kwenye mlusina. Hadi Agosti hakuna kilichochomoza.

Hapa makosa yalikuwa mawili kwa pamoja. La kwanza ni ganda. Kuta zile hazipitishi maji kwa urahisi, na zinapokuja kulowa, zinalowa na kubaki mbichi muda mrefu, ukungu unaingia, mbegu inaoza kabla haijapasua. Porini tunda hulala juu ya ardhi, likapigwa na jua, likanyeshewa, likakauka tena. Moto wa mbugani ukipita haraka huunguza bawa na nywele na kulegeza kuta. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Katika matunda mengi yanayoanguka chini ya mti mmoja, machache sana huwahi kutoa mche. Kwa mti unaoishi miaka mingi na kumwaga matunda kila msimu, hesabu hiyo inatosha. Kwa mtu mwenye viriba mia mbili, haitoshi.

La pili ni majira. Usiku wa Juni na Julai Tabora hupoa, na mbegu nyingi za miti ya joto hazipendi udongo wa baridi uliojaa maji. Hata kama kuta zingefunguka, mbegu ingekaa kwenye tope la baridi ikingoja. Mwenye haraka ya kuotesha miti ya miombo katikati ya kipupwe anajitafutia hasara. Septemba na Oktoba, joto linapopanda, ndio wakati.

Baada ya kukata tamaa na fungu la kwanza, mwalimu alichemsha maji. Sababu yake inaeleweka. Mbegu ya mlusina ina ngozi ngumu yenye nta, isiyopitisha maji. Ukiimwagia maji yaliyotoka kuchemka na kuyaacha yapoe humo, ngozi inalegea na kesho yake mbegu imevimba. Mjohoro nao huitikia namna hiyo. Kwa hiyo alimwaga birika zima juu ya matunda ya mninga yaliyokuwa kwenye ndoo. Lakini maji yale hayakukutana na mbegu. Yalikutana na kuta za mti. Kama joto lilipenya mahali penye ufa, lilikaa humo kwa muda mrefu, na hapo linaivisha badala ya kulegeza. Maji ya moto ni dawa ya ngozi ya mbegu, na kwa mninga kizuizi kikubwa kipo nje ya mbegu, kwenye tunda.

Hili la kuhamisha dawa ya mti mmoja kwenda mti mwingine ndilo ninaloliona zaidi kwenye vitalu vya nyumbani. Mtu amefanikiwa kwa mlusina, basi kila mbegu ngumu anaipeleka jikoni. Tunda la mtiki linataka kuloweshwa na kuanikwa, kuloweshwa na kuanikwa, siku kadhaa mfululizo. Mbegu ya mwarobaini haitaki kusubiri kabisa. Ukiihifadhi kabatini kwa miezi ukingoja mvua, utapanda maiti. Mbuyu una ngozi nene ya kukwaruzwa. Kabla ya kuuliza "niitie dawa gani", uliza kwanza mbegu inazuiwa na nini, na jibu hilo halipatikani bila kisu.

Kisu ndicho kilichotumika mwezi Septemba, siku alipoomba nikaangalie. Tulichukua matunda kadhaa yaliyobaki kavu kwenye gunia, tukayafungua, tukakata mbegu katikati. Mbegu hai ya mninga ndani ni nyeupe ya maziwa, ngumu, imejaza ngozi yake yote. Iliyokufa imesinyaa, ina rangi ya kahawia au kijivu, wakati mwingine ni unga tu uliobaki baada ya mdudu kula. Matunda yenye tundu dogo la mviringo ubavuni tuliyaweka kando bila kujisumbua kuyafungua. Mengi ya yaliyobaki yalikuwa na mbegu nyeupe. Mwalimu alikuwa ameshasema mara kadhaa kwamba mbegu ni mbovu, zimeokotwa chini, zimepitwa na wakati. Zilikuwa nzima. Mninga ni miongoni mwa mbegu zinazovumilia kukaushwa na kuhifadhiwa, na zikibaki ndani ya tunda kavu, mbali na unyevu na wadudu, hazina haraka ya kufa. Kuokota chini kuna hatari zake, hasa wadudu na matunda ya miaka iliyopita yaliyochanganyika na mapya, kwa hiyo kuangua mtini ni bora. Lakini si hilo lililomkwamisha.

Kazi ya kufungua ndiyo inayowashinda watu, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo mninga unapopatikana au unapokosekana. Vaa glavu za ngozi, au funga mkono kwa kitambaa kizito. Chukua mkasi wa kupogolea wenye meno makali. Kata bawa lote kuzunguka mpaka ubaki na ule uvimbe wa katikati. Nywele zake wengine huzibabua kwa moto wa haraka, sekunde chache tu, au huzisugua kwenye jiwe. Mimi nazikata kwa mkasi huo huo, maana moto mkononi mwa mtu mwenye haraka haujui kusimama. Kisha geuza tunda lisimame kwa ukingo wake, uanze kupunguza ukingo kidogo kidogo, vipande vyembamba, huku ukichungulia. Usilenge katikati: ukibana hapo kwa nguvu, mkasi unakata ukuta na mbegu kwa pamoja, na utasikia mlio laini ukajua umeiua. Ukingo ukishapungua vya kutosha utaona upenyo mweusi, ndicho chumba. Hapo ingiza ncha ya kisu butu na uzungushe. Kuta zinaachana kwa mlio mkavu na mbegu inadondoka kwenye sinia. Endelea upande wa pili, maana huenda kuna ya pili.

Siku za mwanzo utaharibu nyingi. Mkono ukizoea, unaharibu chache. Mke wa mwalimu, anayeshona nguo na mwenye subira ya sindano, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sisi wote, na sinia lake ndilo lililojaa kwanza. Mwalimu alitania kwamba sasa kitalu kimepata bosi mpya. Mama akamjibu bila kuinua macho: "Baba, leta matunda mengine, haya yameisha."

Mbegu ikishatoka, kilichobaki ni kidogo. Tuliinyofoa kila moja kipande kidogo cha ngozi kwa kikata kucha, upande wa mgongo, mbali na lile kovu ambalo mbegu ilishikia, kwa kuwa mzizi huchomoza karibu na kovu hilo. Zikalala usiku kwenye maji ya kawaida. Asubuhi zilizovimba zikaenda kwenye mchanga wa mto uliooshwa, kina cha kama sentimita moja, chini ya kivuli chepesi. Mchanga unabaki na unyevu bila kulowa chapachapa. Mvuke wa tope na msongamano ndio unaoleta ule ugonjwa wa shingo, mche unapolegea usawa wa udongo na kulala. Mwagilia asubuhi, jua likaushe juu. Ndani ya wiki mbili hivi sehemu kubwa ya mbegu zilikuwa zimeota, zile zile zilizodaiwa ni mbovu.

Kwenye kuhamishia viribani kulikuwa na mambo mawili ambayo mwalimu aliyapinga kidogo kabla ya kukubali. Viriba vyake vya mlusina ni vifupi. Mninga huanza maisha kwa kushusha mzizi, na kwenye kiriba kifupi mzizi huo unafika chini, unageuka, unajizungusha, na mti utakaopandwa hivyo hautakaa sawa. Tulitafuta viriba virefu, karibu sentimita 30. La pili ni udongo. Mninga ni wa jamii ya kunde, mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaotengeneza vinundu na pia na kuvu wa udongoni. Udongo wa bustani uliojaa samadi huenda usiwe na hao washirika. Ndoo mbili za udongo kutoka chini ya mninga mkubwa, zikachanganywa na mchanga na udongo wa kawaida, zinatosha kuwaalika.

Miche ilipendeza. Desemba hadi Machi majani yalikuwa ya kijani kibichi, na majirani walianza kuweka oda. Aprili ikaisha, mvua zikakatika. Mei majani yakapata manjano, yakapukutika. Mwalimu akaongeza maji. Juni vijiti vikawa vya kijivu, akaongeza tena. Julai akakwangua kijiti kimoja kwa ukucha karibu na ncha: kikavu hadi ndani. Ndipo viriba vikaenda nyuma ya banda la kuku.

Kilichotokea ni tabia ya mninga mchanga, na mwenye kitalu asiyeambiwa hana namna ya kuijua. Kwa miaka ya mwanzo mti huu hauwekezi kwenye shina. Kila kiangazi shina dogo hufa hadi usawa wa udongo, na kila mvua zikirudi shina jipya huchipuka kutoka shingo ya mzizi, huku mzizi wenyewe ukinenepa chini kwa chini. Porini hali hiyo inaweza kuendelea miaka mingi, hata kumi na zaidi, mpaka mzizi uwe na akiba ya kusukuma shina refu kwa msimu mmoja, refu kiasi cha kuvuka kimo cha moto wa nyasi. Shina hilo ndilo hubaki. Ukitembea msituni ukaona mche wa mninga unaofika goti, usidhani ni wa mwaka jana. Huenda una umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi.

Kwa hiyo Julai pale kitaluni hapakuwa na msiba. Palikuwa na miche iliyolala, na tatizo pekee la kweli lilikuwa maji. Mche usio na majani haunywi, na kiriba kinachomwagiliwa mara mbili kwa siku wakati mche umelala kinageuka bwawa. Sehemu ya miche ilikufa kweli, kwa kuoza mizizi, wala si kwa ukame.

Novemba mvua za kwanza zilinyesha. Siku chache baadaye nilipigiwa simu. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba. Njoo uone, wafu wamefufuka." Nyuma ya banda, katikati ya viriba vilivyopasuka na takataka walizochakura kuku, machipukizi manene yalikuwa yanatoka kwenye shingo za mizizi ambayo mashina yake ya zamani yalikuwa bado yamesimama pembeni, makavu. Tulianza kuokoa. Kila kiriba tulikisikilizia kwa vidole: mzizi hai ni mgumu, umejaa, ukikwanguliwa una unyevu na weupe chini ya ganda. Uliokufa unabonyea, una rangi ya chai, una harufu. Nusu hivi ilikuwa hai, na ingekuwa zaidi kama kuku wasingepitia.

Kipimo hicho cha mzizi ndicho ningetaka kila mwenye kitalu akifanye kabla ya kutupa mche wowote wa miombo. Kukwangua ncha ya shina hakusemi kitu kwa mti unaojikausha wenyewe. Kwangua shingo, pale shina linapoingia udongoni. Kama huna uhakika, vunja kiriba kimoja tu uone mzizi. Ni hasara ya mche mmoja.

Utaratibu wa kitalu kile umebadilika. Mbegu hufunguliwa Agosti na Septemba, wakati hakuna kazi nyingi shambani, na kusiwa joto likianza. Majani yakipukutika Mei, viriba husogezwa chini ya kivuli na kumwagiliwa kidogo mara moja kwa wiki au kwa nafasi ndefu zaidi ya hapo, udongo usikauke kuwa jiwe, basi. Vimewekwa juu ya mawe kwa sababu ya mchwa. Miche huuzwa kuanzia Desemba ikiwa na majani, maana hakuna mteja atakayelipia kiriba chenye kijiti kikavu hata umhubirie vipi, na kila anayenunua huambiwa kitakachotokea kiangazi kinachofuata. Mwalimu analisema hilo kwa sauti ya darasani, mara mbili, na anamtaka mteja alirudie.

Kuhusu mpaka wa shamba lake mwenyewe nilikuwa na maoni tofauti na yake, na bado ninayo. Kwa mti wenye mzizi wa namna hii, ukiwa na mbegu zilizofunguliwa na una uhakika wa kulinda mahali, naona heri kupanda mbegu mbili tatu moja kwa moja kwenye shimo mvua zikishatulia Desemba. Mzizi unashuka bila kukutana na plastiki, na hakuna siku ya kuhamishwa. Yeye anaamini kiriba kwa sababu anakiona. Tukakubaliana upande mmoja wa mpaka uwe wa mbegu, mwingine wa miche, kila shimo na kigingi chake kilichopakwa rangi nyeupe. Vigingi ni vya lazima pande zote mbili: kuanzia Juni hadi Oktoba hapaonekani kitu pale, na kibarua anayepalilia kwa jembe, mbuzi wa jirani au moto wa kusafishia shamba hawatauliza. Barabara ya kuzuia moto, upana wa hatua nne tano, inafyekwa Mei kabla nyasi hazijakauka sawasawa.